Panya wakipungua maabara, mgonjwa atalinganishwa na nani?

Tarehe 10 Aprili 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza mpango wa kuondoa hatua kwa hatua sharti la kujaribu dawa kwa wanyama, ikianza na kingamwili za monokloni, yaani protini zinazotengenezwa maabara ili zishike shabaha moja mahususi mwilini. Mwishoni mwa mwezi huohuo Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, NIH, zikatangaza hatua za kupunguza matumizi ya wanyama katika tafiti zinazozifadhili, na Novemba Uingereza ikatoa mkakati wake wenye mwelekeo huohuo. Habari hizi zimepokewa kwa namna mbili zinazopingana. Wapo waliofurahi kwamba hatimaye sayansi imekiri kuwa mateso ya wanyama yalikuwa ya bure. Wapo waliotishika kwamba kuanzia sasa binadamu ndiye atakayefanywa panya wa maabara. Naona pande zote mbili zinamkodolea macho mnyama kiasi cha kusahau kitu kinachompa mgonjwa usalama wake.

Kitu hicho ni ulinganisho. Utafiti wa tiba huanza kuaminika pale tunapojua aliyepewa dawa amewekwa mkabala na nani, wawili hao waligawanywa kwa utaratibu gani, na aliyepima matokeo alikuwa anajua nini wakati anapima. Hoja yangu ni kwamba makosa mengi yanayobebeshwa wanyama yalikuwa makosa ya ulinganisho. Kwamba makosa hayohayo hufanyika kwa wagonjwa, na huko gharama yake ni maisha ya watu. Na kwamba mpango wa FDA utasimama au utaanguka kwa nidhamu hiyo, hata panya wabaki wangapi.

Tuanze na sharti lenyewe lilikotoka. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani iliuza dawa ya maji iliyoitwa Elixir Sulfanilamide. Dawa ya salfa iliyokuwemo ilikuwa tayari inajulikana na inafaa. Tatizo lilikuwa kimiminika kilichotumika kuiyeyusha, diethilini glaikoli, ambacho huharibu figo. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Hakuna mnyama aliyekuwa amepewa mchanganyiko ule kabla haujafika dukani, na sheria ya wakati huo haikumlazimisha mtengenezaji kufanya hivyo. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ilipitisha sheria iliyotaka usalama wa dawa uthibitishwe kabla ya kuuzwa. Miaka tisa baadaye, baada ya madaktari wa Wanazi kuhukumiwa kwa majaribio waliyowafanyia wafungwa, Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 zikaweka wazi kwamba jaribio kwa binadamu lazima lijengwe juu ya matokeo ya wanyama. Kwa hiyo mnyama aliwekwa mlangoni kumlinda mtu. Hakuwekwa pale kwa sababu kuna aliyeamini kwamba panya ni mtu mdogo.

Sheria iliyosainiwa na Rais Joe Biden tarehe 29 Desemba 2022 ndiyo iliyolegeza mlango huo. Iliruhusu kampuni kuleta ushahidi wa aina nyingine, kama vile seli za binadamu, chipu zenye tishu hai na hesabu za kompyuta, mahali ambapo zamani walitakiwa kuleta data za wanyama. Haikupiga marufuku jaribio lolote. Tangazo la 2025 limejengwa juu ya ruhusa hiyo, na uchaguzi wa kuanza na kingamwili za monokloni una mantiki. Dawa hizi huundwa kwa ajili ya shabaha ya binadamu, ambayo mara nyingi kwa panya haipo au ina umbo tofauti, na kinga ya mnyama mara kwa mara huishambulia dawa yenyewe kama mgeni. (Vipodozi ni suala jingine kabisa. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku yake mwaka 2013, na kuchanganya rangi ya mdomo na dawa ya saratani ni jambo linaloharibu mjadala huu kila unapoanza.)

Sasa, mnyama anaweza kutuambia nini, na mgonjwa anaweza kutuambia nini? Sijaona mfano unaojibu vizuri kuliko streptomaisini. Mwaka 1944 katika Kliniki ya Mayo, William Feldman na Corwin Hinshaw waliwaambukiza simbilisi vimelea vya kifua kikuu, wakawatibu baadhi kwa dawa hiyo mpya na kuwaacha wengine bila tiba. Walipowapasua, tofauti ilionekana kwa macho: waliotibiwa mapafu, ini na bandama vilikuwa na dalili ndogo za ugonjwa au havina kabisa, na wale wengine viungo vilikuwa vimeliwa. Kifua kikuu hadi wakati huo hakikuwa na dawa. Jaribio la simbilisi likatoa sababu ya kutosha kuijaribu kwa watu.

Uingereza baada ya vita haikuwa na fedha za kununua dawa ya kuwatosha wagonjwa wake wote, na Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo likaugeuza uhaba huo kuwa jaribio la haki. Mtakwimu Austin Bradford Hill alipanga wagonjwa 107, vijana kwa watu wazima wadogo wenye kifua kikuu kikali cha mapafu yote mawili, kwa bahati nasibu: kundi la kila mgonjwa lilikuwa limeandikwa ndani ya bahasha iliyofungwa, na daktari hakulijua mpaka mgonjwa amekwisha kukubaliwa kuingia. Waliopata dawa na mapumziko walikuwa 55. Waliopata mapumziko ya kitandani tu, ambayo ndiyo tiba ya wakati ule, walikuwa 52. Picha za eksirei zilisomwa na wataalamu wasiojua ni ya nani. Baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948 na yanahesabiwa kuwa mwanzo wa majaribio ya kisasa ya kitabibu.

Wengi huishia hapo, nami naona sehemu inayofuata ndiyo yenye funzo. Wagonjwa wale waliendelea kufuatiliwa. Kufikia mwaka wa 5 walikuwa wamekufa 32 kati ya 55 waliopewa dawa, na 35 kati ya 52 ambao hawakupewa. Faida iliyong'aa katika miezi 6 ilikuwa karibu imeyeyuka. Kilichotokea ni usugu: ndani ya miezi michache vimelea katika mapafu ya wengi wa waliotibiwa vilikuwa vimejifunza kuishi na streptomaisini. Ukubwa wa tatizo hilo uliwadhihirikia watafiti kwa sababu wagonjwa walikuwa na wenzao wa kulinganishwa nao na kwa sababu kuna watu walioendelea kuhesabu. Hatua iliyofuata ilikuwa kuichanganya streptomaisini na dawa nyingine, PAS, na jaribio jingine la wagonjwa likaonyesha kwamba mchanganyiko unauzuia usugu kwa kiasi kikubwa. Matibabu ya kifua kikuu kwa dawa kadhaa kwa pamoja, yanayotumika duniani kote leo, yana mizizi yake hapo. Simbilisi alijibu swali moja: je, dawa hii inaweza kuzuia kimelea ndani ya mwili ulio hai? Mgonjwa alijibu swali jingine: je, mtu akipewa dawa hii ataishi? Ukimuuliza mmoja swali la mwenzake, utapata jibu, lakini litakuwa jibu la swali ambalo hukuuliza.

Wanaotaka wanyama waondolewe wana ushahidi mzito, na sitaki kuupunguza. Asubuhi ya tarehe 13 Machi 2006, katika kitengo cha majaribio ndani ya eneo la Hospitali ya Northwick Park, London, vijana 8 wenye afya walijitolea kupokea kingamwili mpya iliyoitwa TGN1412. Wawili walipewa plasebo, kimiminika kisicho na dawa, na 6 wakapewa dawa, mmoja baada ya mwingine kwa tofauti ya dakika chache tu. Dozi yao ilikuwa ndogo mara 500 kuliko ile ambayo makaka, jamii ya kima, walikuwa wameivumilia bila tatizo. Haikuchukua saa mbili kabla wote 6 hawajaanza kuumwa kichwa na mgongo, kutapika na kupandwa na homa. Kisha viungo vyao vikaanza kushindwa kazi mmoja baada ya mwingine. Wote waliokolewa, ingawa mmoja wao alipoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono. Baadaye ikafahamika kwamba aina fulani ya seli za kinga zenye kumbukumbu, ambazo kwa binadamu hubeba shabaha ya dawa ile, kwa makaka hazina shabaha hiyo. Kima hakuweza kuonya juu ya hatari ambayo mwili wake hauna pa kuipokelea.

Lakini tuitazame habari ileile hadi mwisho. Watafiti wa Uingereza walipojaribu baadaye kuichanganya TGN1412 na seli za damu ya binadamu kwenye mirija, hakuna la maana lililotokea. Walipoikausha kwanza juu ya sahani ya plastiki, seli zilezile zikamwaga kemikali za uvimbe kama ilivyotokea kwa vijana wale. Ina maana kwamba seli za binadamu nazo zingeweza kutoa cheti cha usalama, kutegemea namna zilivyowekwa. Na kuna jambo la tatu, la utaratibu tu: kama mtu wa kwanza angepewa dawa na wengine wakasubiri saa chache, angeumia mmoja. Mashaka niliyonayo juu ya jaribio lile yanaanzia kwenye mpangilio wake kabla ya kufika kwa kima.

Upande wa kiharusi ushahidi ni mwingi zaidi, na unauma. Mwaka 2006 watafiti walihesabu tiba 1,026 zilizokuwa zimejaribiwa kwa ajili ya kiharusi, nyingi zikionyesha mafanikio kwa wanyama. Zilizofika kwa wagonjwa zilikuwa 114, na zilizothibitika kusaidia zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ukiingia ndani ya majaribio yenyewe unaanza kuona sababu. Panya ni kijana, dume, mwenye afya, wa ukoo mmoja na wenzake. Mshipa wa ubongo wake unazibwa kwa uzi akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, na tiba inaingia dakika chache baadaye, wakati mwingine hata kabla ya mshipa kuzibwa. Mgonjwa ana miaka 70, ana shinikizo la damu na kisukari, na anafika hospitali saa kadhaa baada ya mkono kufa ganzi. Halafu mtu aliyempa panya dawa ndiye anayekata ubongo wake na kupima ukubwa wa kidonda, huku akijua vizuri ni panya wa kundi gani.

Dawa iliyoitwa NXY-059 ilipita njia hiyo. Ilifanya vizuri kwa wanyama, ikafaulu katika jaribio kubwa la kwanza la wagonjwa lililochapishwa 2006, na ikaanguka katika la pili, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, mwaka 2007. Watafiti waliporudi kuchambua tafiti za wanyama waliona kwamba pale ambapo panya waligawanywa kwa bahati nasibu na mpimaji hakujua makundi, faida ya dawa ilikuwa ndogo kuliko pale ambapo hayo hayakufanyika. Katika ugonjwa wa ALS, unaoua neva zinazoendesha misuli, hali ni ileile. Taasisi moja huko Cambridge, Massachusetts, ilirudia kwa uangalifu majaribio ya dawa zaidi ya 70 kwa panya waliobadilishwa vinasaba, ikahakikisha ndugu wa uzao mmoja wamegawanywa sawa, madume na majike yamelinganishwa, na panya waliokufa kwa sababu nyingine wameondolewa kwenye hesabu. Ripoti yake ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba faida zilizokuwa zimetangazwa hazikuonekana tena. Kabla ya hapo, dawa ya minosaiklini, iliyosifiwa kwa panya hao, ilikuwa imepewa wagonjwa wa ALS katika jaribio la watu 412. Waliopewa dawa walidhoofika kwa kasi zaidi, takriban asilimia 25, kuliko waliopewa plasebo. Hao ni watu waliokuwa na muda mfupi wa kuishi na wakautoa kwa ajili ya matokeo ya panya ambayo hayakupimwa kwa haki. Kila nikifikiria utafiti wa wanyama, ni wagonjwa hao wanaonijia kwanza.

Hoja ninayoikuta mara nyingi kuliko zote, na ambayo naiona dhaifu kuliko zote, ni ya asilimia 90. Inasemwa hivi: dawa 9 kati ya 10 zinazoingia kwenye majaribio ya binadamu hushindwa kufika sokoni, zote zilikuwa zimefaulu kwa wanyama, kwa hiyo mnyama hana maana. Kiwango hicho cha kushindwa ni cha kweli kwa makadirio ya jumla. Hitimisho ndilo lisilofuata. Kwanza, hesabu hiyo inazitazama dawa zilizopita mlangoni tu, na haisemi neno juu ya zile zilizosimamishwa kwa sababu ziliharibu ini la mbwa au moyo wa panya. Mlinzi hapimwi kwa wageni aliowaruhusu bila kuwahesabu aliowazuia. Pili, sehemu kubwa ya dawa zinazoshindwa huanguka kwa sababu hazitibu vya kutosha, ilhali majaribio ya wanyama yanayodaiwa kisheria yapo hasa kwa ajili ya kupima sumu na kukadiria dozi ya kuanzia. Tatu, na hili watetezi wa hoja hiyo hawaligusi, dawa nyingi zilizofaulu kwa mamia ya wagonjwa katika awamu ya pili huanguka katika awamu ya tatu kwa maelfu ya wagonjwa. NXY-059 ilifaulu kwa binadamu kabla ya kuanguka kwa binadamu. Kwa mantiki ya asilimia 90, tungelazimika kusema kwamba binadamu naye ni kipimo kibovu cha binadamu.

Hofu ya upande wa pili, kwamba watu watafanywa panya, nayo haina mguu imara. Kila dawa iliyowahi kuwepo ilikuwa na mtu wa kwanza kuimeza, na hakuna idadi ya wanyama inayoweza kuifuta siku hiyo. Zaidi ya hapo, kuna hatari ambazo seli za binadamu huziona na mnyama hazioni. Mwaka 1993 katika NIH, dawa ya homa ya ini aina ya B iliyoitwa fialuridini ilipewa wagonjwa 15. 5 walikufa kwa ini kushindwa kazi, na wengine 2 walipona baada ya kupandikizwa ini jipya. Majaribio ya wanyama yaliyotangulia hayakuwa yameionyesha hatari hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulitumia chipu 870 zenye seli za ini la binadamu kujaribu dawa 27 ambazo madhara yake kwa watu yalikuwa yanajulikana tayari. Chipu zilizigundua asilimia 87 ya dawa zenye sumu kwa ini, na hazikuisingizia hata moja iliyo salama. Hayo ni mafanikio ya kweli na nayafurahia. Lakini dawa 27 ni chache, na chipu ya ini haina figo, haina mimba, haina ubongo, wala haizeeki. Janga la thalidomaidi, dawa iliyotumiwa na wajawazito, lililoacha zaidi ya watoto 10,000 na ulemavu kati ya 1957 na 1961, lilipitia kwenye mimba, na panya wa kawaida waligeuka kuwa wagumu kwa sumu ile wakati sungura waliionyesha. Chipu inayoweza kutuhakikishia mtoto aliye tumboni bado haijatengenezwa.

Kuna sehemu moja ya mpango wa FDA inayonitia wasiwasi kuliko suala zima la wanyama, na karibu haizungumzwi. Mpango unasema mamlaka itatumia pia data za usalama za watu halisi kutoka nchi nyingine, pale ambapo dawa imekwisha kutumika kwa binadamu chini ya usimamizi unaofanana na wao. Kwa usalama wa kuanzia, hilo lina busara: kwa nini kumrudia nyani jambo ambalo watu elfu kadhaa wamekwisha kulionyesha? Shida itaanza iwapo mazoea hayo yatasogea kutoka usalama kwenda kwenye uponyaji, na watu wakaanza kuamini kwamba mafaili ya wagonjwa na akili mnemba vinaweza kuchukua nafasi ya bahasha ya Bradford Hill. Historia inatukataza. Kwa miaka mingi tafiti za ufuatiliaji zilionyesha kwamba wanawake waliotumia homoni baada ya kukoma hedhi walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko wasiotumia, na makaka nao walionyesha mishipa iliyo safi zaidi. Mwaka 2002 jaribio la bahasha, kwa maana ya bahati nasibu, lenye wanawake 16,608, lilisimamishwa mapema kwa sababu waliopewa mchanganyiko wa homoni walipata zaidi saratani ya matiti, kiharusi na mshtuko wa moyo. Wanawake waliokuwa wakichagua homoni wenyewe walikuwa kwa kawaida na kipato kikubwa zaidi na afya bora zaidi tangu mwanzo. Mafaili yalikuwa ya kweli, waliolinganishwa hawakufanana.

Mfano unaonishawishi zaidi ni FEAST, jaribio lililofanyika katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011. Mtoto mwenye homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo ya moyo yanayokimbia: vitabu vya tiba vilisema apewe dripu nyingi kwa haraka. Nani angethubutu kutilia shaka jambo hilo? Watafiti waliwagawanya watoto 3,141 kwa bahati nasibu: wengine dripu ya haraka ya albumini, protini ya damu, wengine ya maji ya chumvi, wengine dripu ya kawaida ya taratibu bila mwagiko wa haraka. Kufikia saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 10.6, 10.5 na 7.3. Dripu ya haraka ilikuwa inaua. Na hapa ndipo penye uzito: watoto waliopewa dripu hiyo walionekana kupata nafuu ndani ya saa ya kwanza mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Muuguzi aliyesimama kando ya kitanda aliona vidole vikipata joto. Macho yake hayakumdanganya, na hakuna faili la hospitali lingeandika tofauti na alivyoona. Vifo vilikuja baadaye, na vilionekana kuwa vya ziada kwa sababu tu kulikuwa na kundi la tatu. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walirudi kwa mnyama, safari hii kondoo waliotiwa sumu ya bakteria, wakaona kwamba dripu nyingi iliwafanya wahitaji dawa zaidi za kupandisha shinikizo. Mgonjwa alitangulia kutoa jibu, mnyama akafuata kueleza kwa nini. Mpangilio huo hauna kosa lolote.

Tukikubali haya, madai yetu kwa FDA, NIH na wengine wanaofuata njia hiyo yanabadilika. Idadi ya wanyama kupungua ni jambo jema, lakini lina mtego wake. William Russell na Rex Burch walipendekeza mwaka 1959 kwamba watafiti watumie njia mbadala, wapunguze idadi ya wanyama na wapoze maumivu yao, na tangu hapo kupunguza kumeeleweka kama kutumia panya wachache kwa kila jaribio. Jaribio la panya 6 kwa kila kundi linaloshindwa kutofautisha dawa na bahati limewaua panya 12 bila faida, na likichapishwa kwa sababu bahati iliangukia upande mzuri, linaweza kuwafikisha wagonjwa 412 kwenye dawa inayowadhuru. Ningependelea majaribio machache sana, kila moja likiwa na wanyama wa kutosha, limesajiliwa kabla ya kuanza kama yanavyosajiliwa majaribio ya wagonjwa, limegawanywa kwa bahati nasibu, na limepimwa na mtu asiyejua makundi. Mwongozo wa ARRIVE umekuwa ukidai watafiti waeleze mambo hayo tangu mwaka 2010 na ulifanyiwa marekebisho 2020. Kuufuata kumebaki zaidi kwenye karatasi, na wafadhili wana uwezo wa kulibadilisha hilo kwa kusimamisha fedha.

Chipu na hesabu za kompyuta nazo zipimwe kwa kipimo hichohicho: zipewe dawa zilizofichwa majina, zikiwemo zilizowahi kuumiza watu baada ya kupita kwa wanyama, na matokeo yote yatolewe hadharani, ya kufaulu na ya kushindwa. Kampuni inayoziuza isiwe ndiyo inayochagua dawa za kujaribiwa. Kwa binadamu wa kwanza, utaratibu wa kumpa mmoja na kusubiri uwe sharti lisilo na mjadala kwa kila dawa inayogusa kinga ya mwili, na ukali wake uongezeke kadiri data za wanyama zinavyopungua.

Fedha zitakazookolewa kwenye vyumba vya kufugia nyani ziende kwenye majaribio makubwa na mepesi ya wagonjwa. Tunajua yanawezekana. Mwaka 2020 jaribio la RECOVERY nchini Uingereza liliwapanga maelfu ya wagonjwa wa UVIKO-19 kwa bahati nasibu ndani ya hospitali za kawaida, na katika miezi michache tu likaonyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo vya waliokuwa kwenye mashine za kupumulia kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Jaribio hilohilo lilionyesha kwamba hidroksiklorokwini, iliyokuwa imesambaa duniani kwa nguvu ya ripoti ndogo zisizo na kundi la haki la kulinganishia, haikumwokoa mtu. Makaka walioambukizwa virusi hivyo na kupewa dawa hiyo wakatoa jibu hilohilo. Wakati huo mamilioni ya vidonge vilikuwa vimekwisha kumezwa, na wagonjwa wa lupasi, ambao dawa hiyo inawafaa kweli, walikuwa wakihangaika kuipata.